Vifuu Viwili na Mfalme Mmoja: Kuitazama Upya Filamu ya Monty Python and the Holy Grail

Nianze kwa kukiri. Mara ya kwanza nilipoiona filamu ninayokusudia kuijadili hapa nilikuwa na umri wa miaka tisa, Kiingereza changu hakikuvuka salamu, na nilicheka mpaka nikafukuzwa sebuleni. Mjomba wangu, ambaye aliwahi kuwa baharia, alikuwa amerudi nyumbani Pangani na deki pamoja na kanda chache za video zilizochakaa. Mojawapo ilikuwa Monty Python and the Holy Grail, kichekesho cha Waingereza cha mwaka 1975. Picha ilikuwa na michirizi, sauti ikipanda na kushuka kama redio yenye betri kuukuu, na kwa sehemu kubwa ulichokiona ni ukungu, na watu ndani ya ukungu. Hata hivyo nilichokiona kilinitosha. Mtu mzima na taji lake kichwani anarukaruka kana kwamba yu juu ya farasi, na farasi mwenyewe hayupo. Kinachosikika ni kwato, ko-ko, ko-ko, na kwato hizo ni vifuu viwili vya nazi vinavyogonganishwa.

Bibi alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi wa jioni. Akainua kichwa, akatazama kidogo, akauliza: "Na tui wamelipeleka wapi hao?" Kisha akaendelea na kazi yake.

Mwaka huu nimeipata tena filamu hiyo, safari hii katika DVD ya toleo lililosafishwa, lile la diski mbili lililotolewa mwaka 2001. Niliinunua kwa muuza vitu vya mtumba. Tukakaa watatu chumbani bwenini, mimi na wenzangu wawili, mmoja mtu wa Moshi na mwingine wa Shinyanga, tukaitia kwenye kompyuta. Ikaanza filamu nyingine kabisa! Picha nyeusi na nyeupe, habari za madaktari wa meno. Yule wa Moshi akacheka: "Bwana wee, umeuziwa mbuzi kwenye gunia." Tukaanza kumlaani muuzaji wa watu, kumbe ndio mzaha wenyewe. Waliotengeneza toleo hilo waliweka kwa makusudi mwanzo wa Dentist on the Job, kichekesho cha mwaka 1961, kisha mwonyesha sinema anajifanya kagundua kwamba kakosea kanda, ndipo inakuja filamu yenyewe.

Tuliitazama yote, halafu tukairudia, na kurudia huko ndiko kulikozaa makala haya. Katika semina zetu za uhakiki tuna mazoea, nami ni mmoja wao, ya kuuweka ufukara wa kazi ya sanaa katika fungu la "kasoro". Tunasema fani imepwaya kwa kuwa vifaa vilikuwa duni, kisha tunahamia maudhui kana kwamba ni chumba kingine. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika filamu hii ufukara ndio uliozaa wazo lake kubwa kuliko yote: mamlaka hutengenezwa vipi, na mikono ya nani ndiyo inayoyatengeneza. Nitaonyesha pia kwamba wazo hilo linaonekana vizuri zaidi katika toleo lililosafishwa kuliko katika kanda ya mjomba.

Fedha za wapiga gitaa

Kwa wasiowajua, Monty Python lilikuwa kundi la wachekeshaji sita: Graham Chapman, John Cleese, Eric Idle, Terry Jones, Michael Palin, na Mmarekani mmoja, Terry Gilliam, aliyekuwa mchoraji wa katuni zao. Wale Waingereza watano walisoma Oxford na Cambridge. Kipindi chao cha televisheni kilianza kurushwa na BBC Oktoba 1969 na kikamalizika mwaka 1974. Jina walikuwa nalo, lakini jina halinunui farasi. Walipotaka kutengeneza filamu yenye kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, makampuni makubwa ya sinema hayakuiona faida. Fedha zikatoka pasipotarajiwa, kwa wanamuziki wa roki. Pink Floyd walitoa, Led Zeppelin walitoa, Ian Anderson wa Jethro Tull naye akatoa. Hatuna haja ya kudhani kwamba wote walikuwa wapenzi wa fasihi ya kale. Mwaka 1974 kiwango cha juu cha kodi ya mapato Uingereza kilifika asilimia 83, na tajiri aliona afadhali fedha yake ipotelee kwenye mchekesho kuliko impelekee mtoza kodi. Jumla yote haikufika pauni laki tatu.

Walipiga picha Scotland kwa muda wa wiki tano hivi, kuanzia mwisho wa Aprili 1974. Wakurugenzi walikuwa wawili, Jones na Gilliam, na hakuna kati yao aliyewahi kuongoza filamu ndefu kabla ya hapo. Siku ya kwanza kamera ikaharibika. Walikuwa wameshachagua ngome kadhaa za kale, lakini wenye dhamana ya kuzitunza wakafuta ruhusa kazi ikiwa karibu kuanza, eti maigizo yale hayaendani na heshima ya majengo. Ikabaki ngome ya Doune, iliyokuwa mali ya mtu binafsi. Ndiyo maana ukitazama kwa makini utaona ngome ile ile ikiwa makao ya Wafaransa, kisha makao ya wasichana, kisha nyumba ya harusi. Wanachogeuza ni pembe ya kamera tu. Ngome ya pili, Castle Stalker iliyozungukwa na maji, wakaiweka akiba kwa ajili ya mwisho.

Dirii wanazovaa mashujaa zinang'aa kama chuma, kumbe ni sufu iliyofumwa na kupakwa rangi ya fedha, na mvua ya Scotland iliponyesha sufu ilikunywa maji kama kawaida ya sufu. Muziki alioutunga Neil Innes ulionekana hauna ukuu wa kutosha, kwa hiyo sehemu kubwa ikajazwa na muziki wa maktaba, ule uliokwisha kurekodiwa na kuuzwa kwa yeyote anayeuhitaji. Jeshi kubwa la mwishoni ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stirling, waliolipwa pauni 2 kwa siku. Hapo, wanafunzi wenzangu, nilijisikia niko nyumbani.

Kuomba radhi na kutoomba

Tatizo la farasi si geni katika historia ya fasihi. Mnamo mwaka 1599 Shakespeare alikuwa nalo. Tamthilia yake ya Henry V inahusu vita vya Agincourt, na alichokuwa nacho ni jukwaa la mbao na waigizaji wachache. Akaweka utangulizi ambamo mzungumzaji anawaomba radhi watazamaji kwa udogo wa jukwaa, na kuwasihi kwamba wakisikia habari za farasi, basi wawaone farasi hao kwa jicho la fikra. Ni ombi la adabu, na limefanya kazi kwa zaidi ya miaka mia nne.

Fanani wa ngano zetu haombi. Kifimbo chake kimoja kitakuwa mkuki, kitakuwa kasia, kitakuwa bakora ya mzee, na hakuna atakayeuliza, kwa sababu waliposema "pakawa" walikwisha kukubali. Makubaliano yalifungwa mlangoni.

Filamu hii inashika njia ya tatu. Katika tamthilia na michezo ya redio ya Waingereza, vifuu vya nazi vilikuwa chombo cha siku nyingi cha kutolea sauti ya kwato, lakini aliyevigonga alifichwa nyuma ya pazia. Python wakalitoa pazia. Anayegonga vifuu yuko mbele ya macho yetu, anakimbia nyuma ya mfalme. Jina lake Patsy, mtumishi wa Mfalme Arthur, na anayemwigiza ni Gilliam, mmoja wa wakurugenzi wawili.

Sasa niseme kilichonishtua katika toleo lililosafishwa. Katika kanda ya mjomba, Patsy alikuwa kivuli. Sisi watoto tulimtazama mfalme anavyorukaruka, na kelele za kwato tulizichukulia kuwa ni zake. Picha iliposafishwa ukungu ukawa ukungu na mtu akawa mtu. Unauona uso wa Patsy, tope mashavuni, na mzigo mgongoni uliojaa hata unashangaa anavyokimbia nao. Mfalme hana alichobeba zaidi ya upanga wake. Anajitambulisha kwa kila anayekutana naye kwamba yeye ni mfalme wa Waingereza, mtumishi hasemi kitu, anagonga. Hebu fikiria Patsy akichoka. Arthur atakuwa mtu mmoja tu anayerukaruka porini peke yake.

Patsy huzungumza kwa nadra sana. Wanapofika mahali ambapo Camelot inaonekana kwa mbali, mashujaa wote wanalitaja jina la mji huo kwa unyenyekevu mkubwa, naye anasema wazi kuwa kile ni kielelezo tu. Ni kweli tupu, fedha za kujenga Camelot hazikuwepo. Mfalme anamnyamazisha mara moja. Tulipofika hapo yule wa Moshi aliirudisha nyuma mara tatu. Mtumishi anajua kila kitu kimetengenezwa na nini, kwa kuwa yeye ndiye anayekibeba.

Nazi ilifikaje Uingereza?

Walinzi wa ngome ya kwanza wanaigundua siri hiyo palepale. Arthur anajieleza chini ya ukuta, nao wanamwambia kwamba hana farasi, anagonga vifuu. Kisha mjadala unahama. Wanataka kujua nazi imepatikanaje katika nchi ya baridi. Arthur anajitetea kwamba mbayuwayu huhama, na huenda mmoja alibeba nazi. Hapo ndipo penye ubishi maarufu kuhusu mbayuwayu wa Ulaya na mbayuwayu wa Afrika, uzito wa ndege na uzito wa nazi, na madai kwamba mbayuwayu wa Afrika hahami.

Mtu wa pwani hawezi kulinyamazia jambo hili. Mbayuwayu wa Ulaya ndiye msafiri wetu wa kila mwaka. Baridi ikianza kwao anashuka kuja Afrika, na sisi tunamwona kwenye nyaya za umeme mpaka majira yakigeuka. Kwa hiyo ndege anayeshukiwa na walinzi wale anatoka kwao na anafika kwenye minazi kila mwaka. Kushindwa kubeba ni suala jingine.

Lakini historia yenyewe ina mzaha mzuri kuliko wa filamu. Filamu inajiweka mwaka 932, na kwa mwaka huo walinzi wana haki ya kushangaa. Ila karne chache baadaye nazi zilifika Uingereza kweli, kwa njia ya wafanyabiashara, zikitoka upande wa Bahari ya Hindi. Nazi ilikuwa kitu cha thamani. Kifuu kilisuguliwa kikang'aa, kikatiwa mguu na ukingo wa fedha, kikawa kikombe cha kunywea divai, na wenye vikombe vya namna hiyo waliwarithisha watoto wao kwa wosia. New College ya Oxford mpaka leo inavyo vikombe vya vifuu vya karne ya 15. Basi tazama: mashujaa wanazunguka nchi nzima wanatafuta kikombe kitakatifu, na Patsy anakimbia nyuma yao na vifuu viwili mkononi, kitu kilekile ambacho mabwana wa baadaye wangekifanya kikombe cha heshima. Kwetu kifuu hicho ni upawa, ni kata ya maji, kikipasuka ni kuni. Sijui kama Python walilifikiria hilo. Maandishi yana kawaida ya kujua zaidi ya waandishi wake.

Nani kakuweka?

Mjadala wa mamlaka unafika kileleni pale Arthur anapokutana na wakulima wanaozoa matope. Anataka kujua bwana wa ngome ile ni nani. Mmoja wao, Dennis, anamweleza kuwa wao hawana bwana, wanaongozana kwa zamu na maamuzi hupitishwa katika mikutano. Mwanamke aliye karibu anashangaa kusikia kuwa kuna mfalme, maana yeye hakumpigia kura. Arthur anasimulia, kwa muziki wa kimalaika, namna Bibi wa Ziwani alivyoutoa upanga majini akamkabidhi. Dennis anamjibu kwamba kupewa panga na mwanamke aliyelowa si msingi wa kuendeshea serikali. Mfalme anaishiwa hoja, anamkaba, na Dennis anawaita watu waje washuhudie ukandamizaji kwa macho yao.

Tulicheka sana, na baadaye tukajicheka. Dennis anazungumza kama sisi tukishika kipaza sauti kwenye semina. Hoja zake ni sahihi, ila matope yako palepale na anaendelea kuyazoa. Dhihaka inakata kuwili, kwa mfalme na kwa mhakiki wake, na nadhani ndiyo sababu haijachakaa.

Tusisahau kwamba Terry Jones alikuwa mwanafunzi wa fasihi kama sisi. Rasimu ya kwanza ya filamu ilichanganya zama za kati na siku za leo, na kikombe kilipatikana katika duka la Harrods la London. Jones ndiye aliyesukuma kisa chote kirudishwe zama za kati. Mwaka 1980 alichapisha kitabu, Chaucer's Knight, akidai kwamba yule shujaa wa Chaucer anayesifiwa na walimu kizazi kwa kizazi alikuwa askari wa kukodiwa tu, muuaji kwa ujira. Wataalamu wengi walimpinga. Lakini ukisoma hoja ya kitabu hicho ukiwa umeiona filamu, utaona kwamba filamu ilikwisha kuanza kazi ile miaka mitano kabla. Hadithi za Arthur zilipitia mikono mingi, tangu Geoffrey wa Monmouth katika karne ya 12 hadi Thomas Malory, ambaye kitabu chake kilichapwa na Caxton mwaka 1485, na karibu zote zilitazama dunia kutoka juu ya tandiko. Hollywood nayo ilifuata. Knights of the Round Table ya 1953 na Camelot ya 1967 zilitumia mamilioni ya dola, na ndani yake hata mkulima amepiga pasi. Katika Holy Grail wazoa maiti wanamtambua mfalme kwa sababu moja tu: ndiye pekee asiyepakaa uchafu. Matope hayo hayakugharimu kitu, Scotland inayo ya kutosha, lakini ndiyo yanayoiambia historia kwamba kulikuwa na watu wengine pia.

Bata na mwanamke

Sasa nifike mahali ambapo kicheko chetu kilikatika. Wanakijiji wanamleta mwanamke kwa Sir Bedevere, wanataka achomwe moto kwa uchawi. Inabainika kwamba pua ya kichawi aliyonayo wamemvisha wao wenyewe, na kofia pia. Bedevere, msomi wa eneo hilo, anawaongoza kwa mantiki: mchawi huungua, mti huungua, mti huelea, bata huelea, kwa hiyo mwanamke akiwa na uzito sawa na bata ni mchawi. Wanampima kwa mizani. Anakuwa sawa na bata. Umati unamchukua kwa shangwe.

Mimi na yule wa Moshi tulikuwa hoi kwa kucheka. Mwenzetu wa Shinyanga alikuwa kimya. Tulipomuuliza alisema kwa taratibu tu: "Kwetu ni macho mekundu." Hakuhitaji kuendelea. Sote tunajua habari za vikongwe waliouawa Usukumani kwa kushukiwa uchawi, na kwamba wekundu wa macho, ambao wengi wao waliupata kwa kupika miaka yote juu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe, ulihesabiwa kuwa ushahidi. Umasikini wa jiko ulimvisha bibi wa watu pua ya uchawi, halafu wakaja wenye mizani.

Tuliisimamisha filamu, tukazungumza mpaka usiku mkubwa. Nilitaka kusema kwamba mandhari hiyo ni dhihaka dhidi ya washitaki, na ni kweli. Lakini mwenzetu aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: mbona mwanamke mwenyewe hapewi nafasi ya kushinda? Baada ya kupimwa anakubali tu kwamba wamemweza, na hadithi inasonga, tena yule mwenye mantiki ya bata anapewa cheo na mfalme palepale. Nimelifikiria sana jambo hili. Leo naona hapo ndipo filamu inaposema ukweli wake mchungu, hata kama haikukusudia. Uchawi wake umetengenezwa kwa njia ileile uliyotengenezwa ufalme wa Arthur, kwa kifaa cha bei rahisi na watu wengi wanaokubali. Tofauti ni kwamba kwa Arthur vifuu vinagongwa kumpandisha, na kwa mwanamke pua inafungwa kumshusha. Mwenzetu wa Shinyanga alisikiliza maelezo hayo akasema, "Sawa, lakini mimi bado sicheki." Nami nayaandika maneno yake hapa kwa kuwa uhakiki usiomsikia mtu wa namna hiyo una upungufu.

Kasoro

Filamu ina kasoro za kweli, na fedha hazihusiki nazo. Wanawake ni wachache, na wengi wao wamewekwa kuwa vishawishi, hasa katika ngome ya wasichana wanaomlaki Sir Galahad. Toleo la 2001 liliongeza sekunde 24 katika sehemu hiyohiyo, na sioni zimeongeza nini.

Nyongeza hiyo inaleta pia swali ambalo sisi tunaosoma tenzi na miswada yake tunalijua: matini sahihi ni ipi? Ile ya 1975? Ile ya 2001 yenye picha safi na sauti iliyopangwa upya? Au ile ya Blu-ray ya 2012, iliyoletwa pamoja na katuni za Gilliam zilizokuwa zimepotea? Waliotengeneza toleo la 2001 wanalichezea swali hilo kwa namna iliyonifurahisha mno. Wameweka maandishi maalumu ya chini ya picha kwa ajili ya wasioipenda filamu, na maandishi hayo yote yametolewa katika Henry IV, Sehemu ya Pili, ya Shakespeare. Unamwona mkulima anazoa tope na chini yake anazungumza mwungwana wa karne ya 16. Mara nyingine maneno yanaoana na picha hata unaogopa.

Pamoja na hayo sikubali kwamba kusafisha picha ni faida tupu. Kusafisha ni mtihani. Kazi iliyouficha ufukara wake huaibika taa zikiwashwa. Hii haikuaibika. Ukiiona sufu ndani ya dirii unacheka zaidi, kwa sababu tangu dakika ya kwanza haikukudanganya kuhusu farasi.

Farasi mmoja

Nimesema hakuna farasi. Yuko mmoja. Katikati ya filamu anatokea mwanahistoria wa siku hizi, kavaa suti, anaieleza kamera maana ya matukio. Anapita shujaa juu ya farasi wa kweli, anamkata kwa upanga, anapotea. Fedha ya farasi ilipopatikana, farasi alitumika kumuua mfasiri wa historia! Na kifo hicho ndicho kinachoimaliza filamu. Mwishoni Arthur amekusanya jeshi, wanafunzi wale wa Stirling wanapiga kelele kuishambulia ngome, mara yanaingia magari ya polisi wa karne ya 20. Mfalme anakamatwa kwa kosa la mauaji, askari anaziba kamera kwa mkono, basi. Vita havipiganwi, kikombe hakipatikani.

Mwaka jana kikundi chetu cha maigizo kilipanga kuonyesha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969, mwaka uleule Python walioanza BBC. Tuliahirisha kwa sababu hatukupata bunduki za kuigizia wala sare za Wajerumani. Katika kikao kile mimi ndiye niliyesimama nikasema kwamba bora tusionyeshe kuliko kuonyesha kitu cha aibu, na wenzangu wakanifuata. Tamthilia yenyewe inahusu maji, maji ya kawaida kabisa, na yaliyotokea watu walipoyaamini. Na sisi tukaiacha kwa kukosa sare.

Nakiri nilikosea. Nimewaeleza wenzangu hivyo, na mazoezi yameanza tena kila Alhamisi jioni. Bunduki bado hatuna. Tuna mipini saba ya mafagio, ngoma moja, na tumekubaliana kwamba anayetoa mlio wa risasi atasimama jukwaani mbele ya watu wote wamwone, kwa madebe mawili matupu. Mwenzetu wa Shinyanga ndiye atakayeyapiga. Mwenye debe la tatu alilete.